Jiwe la Mwisho Shambani kwa Esta

Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kutoka mlimani mpaka mashamba ya juu ya Kihurio, ukakaa. Hapakuwa na upepo wala manyunyu. Esta alisimama kwenye pembe ya shamba lake, khanga imemlowa mabegani, akilisikia trekta la Anaeli likipanda polepole bila kuliona.

Kwenye pembe ile lilikuwa limebaki jiwe moja la kung'oa. Mengine walikwisha kuyang'oa tangu Jumanne na kuyaburuta hadi kwenye ndiva, lile bwawa la mawe na udongo walilolijenga wazee ili maji ya mlimani yalale humo usiku na kufunguliwa asubuhi. Ukuta wa ndiva ulikuwa unavuja. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ulitangazwa, na kila nyumba ikatakiwa kupeleka mawe. Esta aliona Mungu amemjibu mawili kwa pamoja: ukuta upate mawe, naye apate shamba. Maana kamati ya maji ilishamwambia wazi kwamba Jumamosi wangekuja kukagua. Wakikuta pembe yoyote haijalimwa, zamu yake ya maji ingepewa mtu mwingine. Bila zamu hakuna mahindi, na bila mahindi angerudi Bendera kuishi kwa wake za kaka zake.

Marehemu mume wake, Sifael, hakuwahi kuigusa pembe ile. "Kuna nyoka," alikuwa akisema, kisha analima kwa kuizunguka. Sifael alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na Esta hakuwa na sababu ya kutomwamini.

Trekta likatokea. Nyuma yake kulikuwa na uma aliouunda Anaeli mwenyewe: meno mawili ya chuma cha reli yaliyochongwa ncha, yameungwa kwenye kipande cha chasisi ya lori, pamoja na mnyororo wa kulifunga jiwe lisiteleze.

"Shikamoo, Mama Irine."

"Marahaba, fundi. Umechelewa."

"Sioni hata pua yangu, mama, na pua yangu unaijua ilivyo."

Esta akacheka kidogo. "Haya, ingiza huo uma. Lakini nyoka wakitoka, wewe uko juu na mimi niko chini."

"Nyoka gani? Mawe yote yale tumeng'oa, hata mjusi hatujamwona."

Neno hilo lilimkaa Esta. Ni kweli hawakuona mjusi, wala sisimizi. Akayatazama mashimo ya mawe yaliyoondolewa. Shamba zima lilikuwa limelowa kwa ukungu, lakini ndani ya mashimo udongo ulikuwa mkavu kama unga. Akavua kandambili, akakanyaga shimo moja. Lilikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka.

Anaeli akarudi kinyumenyume, akaingiza meno chini ya jiwe, akafunga mnyororo, akainua. Jiwe lile lilikuwa na kimo cha ng'ombe. Kwa madogo ya jana tu, magurudumu ya mbele yalikuwa yakinyanyuka, hata ikabidi aning'inize magunia ya mchanga kwenye pua ya trekta. Hili likaja juu kimya kimya. Magurudumu hayakutikisika. Anaeli akageuka kutazama, akalishusha, akaliinua tena. Kisha akazima injini, akashuka, akalisukuma kwa mkono mmoja. Likayumba kama kapu tupu.

"Mama, hili halina uzito."

"Labda lina tundu ndani."

Akaligonga kwa spana. Lilitoa mlio mfupi, mzito. "Limejaa," akasema, akarudi nyuma.

Esta akainama juu ya shimo. Humo mlikuwa na vyungu vilivyofudikizwa, vimekaribiana, vyeusi kwa uzee. Kimoja kilikuwa kimepasuliwa na jino la uma. Kwenye ufa ule lilionekana paji la uso la mtu, limeelekea mlimani.

Alifumba macho akaomba kwa sauti, kama alivyozoea kuomba kila mahali. "Bwana Yesu, utufunike. Wewe unajua hatukukusudia." Kukawa na sauti za chini zilizoomba pamoja naye, za wanaume na wanawake, kama waumini wa viti vya nyuma. Alidhani ni Anaeli anaitikia. Kisha akatambua kwamba sauti hazimfuati. Zilimtangulia. Neno "utusamehe" lilisemwa wakati lingali moyoni mwake. Esta akanyamaza kwa makusudi. Sauti zikaimalizia sala aliyokuwa hajaitoa, "kwa kuwa tumewaondolea mlango wao," kisha kukawa kimya.

Anaeli alikuwa amevua kofia, midomo ameibana. "Si mimi, mama," akasema.

Esta alimpigia simu Agatha, dada wa Sifael, aliyekuwa kijijini Mtii. Kabla pikipiki haijamfikisha, akatokea Hamisi, mgawa maji, anatoka kwenye ndiva, suruali ameikunja hadi magotini.

"Mama Irine, yale mawe yenu mmeyatoa wapi? Tumezibua ndiva. Imejaa pomoni, lakini maji hayatoki."

"Pameziba?"

"Nimeingiza mkono mpaka begani. Tundu liko wazi. Maji yamesimama pale mlangoni kama mtu anayengoja kuitwa."

Anaeli akamwonyesha shimo kwa spana. Hamisi akainama, akaona kilichokuwemo, akarudi nyuma hatua mbili.

Agatha alipofika alitazama mara moja tu, akaketi chini kwenye udongo. "Kaka hakukwambia."

"Aliniambia nyoka."

"Aliona haya. Mzee wa kanisa angesemaje kwamba mafuvu ya babu zake yako shambani? Zamani ukoo wetu ulikuwa ukifukua kichwa cha marehemu na kukihifadhi chunguni hapa, kila mmoja akawekewa jiwe lake kuzunguka, na hili kubwa likawa mlango wao. Baba alipobatizwa akasema tusitambike, tusivunje, tuwaache walale. Wewe wifi yangu umewavua mawe yao ukayapeleka msaragamboni."

"Mimi siwaabudu, wifi."

"Nani amekwambia uwaabudu? Wafunike."

"Mawe nitayarudisha leo hii," Anaeli akasema. "Lakini shamba si langu."

Hamisi akakohoa. "Jumamosi kamati inakuja, Mama Irine. Pembe hii ikibaki hivi, siwezi kufumba macho. Zamu itahama."

"Basi wifi aseme alichoamua," Agatha akasema. "Asiseme moyoni. Aseme tusikie wote, na hao nao wasikie."

Esta aliwaza jiko la Bendera, na wake za kaka zake wakimpimia unga. Akamtazama Hamisi, lakini Hamisi alikuwa akitazama chini. Ukungu haukuwa umesogea. Akasimama wima karibu na shimo, mikono ameikunjua.

"Mimi Esta, mke wa Sifael, nasema mbele ya Mungu, na mbele ya Agatha, na Hamisi, na Anaeli, na mbele yenu mliomo humu. Mawe yote yatarudi leo, kila moja mahali pake. Pembe hii sitailima, wala mwanangu Irine hatailima. Na zamu ya maji ikiondoka, iondoke. Sitawagusa tena kwa ajili yake."