Mtoto Ameshajibu

Shangazi alishakasirika kabla hata mtafiti hajawasha kinasa sauti. Nani asingekasirika? Mafuriko yalimchukua wifi yake, na binti aliyeachwa, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa kupiga soga tangu asubuhi, sasa kumtoa neno mdomoni ilikuwa kazi. Kila walipokuja watu kumhoji habari za maji yale, usiku alikojoa kitandani na kupiga mayowe. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kulala vizuri. Na leo hawa hapa tena, wamejaa darasani na biskuti zao!

"Sisi tunafuata maadili," mtafiti alisema, akitabasamu. "Tunamwuliza mtoto mwenyewe. Mwanangu, ungependa kutusimulia siku ile?"

"Sitaki," Chiriku akasema.

Mtafiti akamsogezea biskuti. "Labda hajaelewa. Fikiria kwanza, mwanangu. Utawasaidia watoto wengine."

"Ameelewa vizuri sana," Shangazi akadakia. "Umeuliza, umejibiwa. Au swali lako lina jibu moja tu?"

Mwenyekiti wa kambi ya waliokimbia mafuriko akamvuta pembeni. "Dada, punguza jazba. Tukiwaudhi hawa, mahema tutapata wapi?"

Damu ilimchemka Shangazi. Ndiyo mambo yao hayo, mtoto wa watu alizwe ili wakubwa wapate maturubai! Akamgeukia mtafiti, akapaza sauti makusudi. "Hebu sema watu wote wasikie. Hema letu linategemea mdomo wa mtoto huyu?"

Mtafiti akatikisa kichwa. "Hapana. Hayo hayahusiani kabisa."

"Basi ungelisema hilo kabla ya kufungua biskuti."

Akamshika mtoto mkono, wakatoka. Huko uwanjani alijiona shujaa.

"Umewaona walivyonywea?"

Chiriku akapiga teke kijiwe. "Na wale wa mwanzo, ningewaambia sitaki, wangeniacha?"

"Wangekuacha, wapende wasipende! Ungeniambia tu mimi, ungeona ambavyo ningewafanya."

"Nilikuambia, shangazi."

"Lini?"

"Asubuhi ile, ulipokuwa unanisuka. Ukasema nitulie, wageni wasinikute na nywele timutimu."

Shangazi akasimama katikati ya uwanja, hana wa kumfokea.