Bumba la Nyuki Gotini kwa Izidor

Mume wangu Izidor alikuwa tayari kupaka chochote gotini mwake ili mradi asimwombe kaka yake. Alipaka mafuta ya nguruwe. Alipaka pombe kali iliyolowekwa maua ya mlimani. Alifunga majani ya kabichi yaliyopondwa, nikalala na harufu ya kabichi mpaka nikawa naiota. Goti likazidi kuvimba, na juu ya hayo ukurutu ukamtoka mguuni.

Na kaka yake, Ožbolt, yuko hapo nyuma ya uzio wetu na mizinga yake. Watu wanatoka mabondeni kuja kuumwa na nyuki wake viungoni, wanaondoka wakitembea kama vijana. Izidor akapanda basi hadi mji wa Kranj, akarudi na kikopo cha krimu ya sumu ya nyuki. Nilikigeuza nikasoma nani kaitengeneza. Ožbolt. Nikanyamaza. Msishangae, huwa naweza.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye chakula cha matanga ya baba yao. Mizinga ya mzee ilikuwa na mbao za mbele zilizochorwa picha, na mmoja ulikuwa na shetani anayenoa ulimi wa mwanamke kwenye jiwe la kunolea. Ožbolt, divai imemkolea, akasema, "Baba alimchora shemeji Rozalka kabla hata hajamwona." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Izidor peke yake hakucheka. Alimtupia kaka yake donge la unga lililotoka kwenye mchuzi. Mimi nikasema niliyoyasema, na sitayarudia hapa. Ožbolt akaapa hatakanyaga uani kwetu maadamu ulimi wangu unatikisika. Izidor naye akaapa kwamba hatakuwa wa kwanza kumsemesha.

Aliapa kwa ajili yangu, na wala sikumwomba. Tangu siku hiyo akawa anasimama kwenye dirisha la upande wa mizinga, anasema anaangalia hali ya hewa. Alikuwa na hamu ya kaka yake mpaka moyo ukawa unaniuma mimi.

Basi, Jumapili moja ya mwezi Mei, alikaa kwenye benchi uani, akakunja suruali, akalikandika goti nusu kopo. Krimu ilinukia melisa, yale majani yenye harufu ya limau ambayo wafugaji huyasugua ndani ya mzinga mtupu ili kuita nyuki. Mtoto yeyote wa huku anajua, na Izidor kazaliwa katikati ya mizinga. Lakini maumivu hayana akili.

Mvumo ukasikika. Bumba zima likavuka uzio, likazunguka benchi, likashuka juu ya goti lake na kuning'inia hapo.

"Rozalka," akaniita kwa sauti ya kanisani, "nimepata wageni."

Nyuki wanaohama wameshiba asali, hawana haja ya kuuma. Lakini mwenye goti hatikisiki.

Ožbolt akaja mbio na mzinga mtupu, akafika kwenye uzio, akasimama ghafla. Kwa desturi yetu, anayefuata bumba lake anaruhusiwa kuingia kwa mtu yeyote, na maadamu halijamtoka machoni, ni lake. Akigeuka tu, ni la mwenye ua. Ila huyu alikuwa na kiapo. Basi akabaki pale, macho kodo, hata kupepesa anaogopa.

"Shemeji, mwambie mumeo asitikisike."

Izidor alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. "Mwambie kaka yangu kwamba mimi na goti langu tuko kwetu."

"Mwambie nyuki ni wangu."

"Mwambie wamechagua. Hata nyuki wanajua pa kukimbilia."

"Mwambie wamefuata krimu yangu!"

Izidor akanitazama. "Krimu yake?"

Nikamgeuzia kopo, akasoma.

"Nimepanda basi mpaka Kranj," akasema polepole, "kununua kitu kilichotoka nyuma ya choo changu? Mwambie haisaidii lolote!"

"Mwambie ile ni ya kupaka, si ya kupiga lipu!"

Ikafika saa ya chakula. Nikampa Izidor supu, akaila huku nyuki wakimning'inia. Nikampitishia Ožbolt bakuli juu ya uzio; akala bila kulitazama, kijiko cha kwanza kikaingia sikioni. Izidor akaomba bakuli la pili, kisha kikombe cha mvinyo wa tofaa, kumringia tu. Kisha cha pili.

Baadaye akaanza kukunja uso.

"Rozalka, mwambie awatoe upesi. Nimebanwa."

"Mwambie aseme mwenyewe," Ožbolt akajibu.

Izidor akaninyooshea shingo, Ožbolt akanitegea sikio bila kuwaondolea nyuki macho, wote wakinisubiri. Nikaona wazi: maadamu mimi nayabeba, hawa hawatasemezana mpaka kaburini. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango, nikafumba mdomo.

"Mwambie!"

"Shemeji? Una nini?"

Maneno yalinijaa kinywani mpaka mashavu yakauma.

"Rozalka, naomba," Izidor akasema, jasho likimtoka. Nikatazama mawingu. Hapo akavunjika. "Kaka! Ožbolt! Nitajikojolea!"

Ožbolt akatega sikio: ulimi wangu umetulia kweli, kiapo hakimzuii tena. Akaupanda uzio, mzinga mkononi, suruali ikachanika nyuma, akaanguka kwenye saladi zangu, akaja mpaka kwenye benchi akapiga magoti. Kwa unyoya wa bata bukini akawafagia taratibu, na malkia alipoingia mzingani, wengine wakamfuata wenyewe.

Goti likabaki wazi, limevimba, jekundu. Ožbolt akaweka kiganja juu yake.

"Limekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kuja."

Mkono wa Ožbolt ulibaki pale pale.

"Kaka," Izidor akasema kwa upole, "choo."

"Nenda, nenda, mdogo wangu!"

Mzinga ulitakiwa ubaki uani mpaka jioni, ili nyuki wote waingie. Nikausogelea. Ubao wa mbele ulikuwa ule ule: shetani, jiwe, ulimi. Na pua ya yule mwanamke, Mungu wangu, ni yangu tupu. Nilikuwa na neno la kumwambia Ožbolt, kali na tayari. Nikaliuma.

Mzinga bado uko pale, chini ya dirisha la jikoni kwangu, nami simruhusu mtu auondoe. Ožbolt huja kila siku kuwatazama nyuki wake. Krimu haikuponya kitu, goti linauma vile vile. Ila siku hizi Izidor analalamika kwa kaka yake.