Maombi ya Kuziba Midomo

Bartolomayo, mzee wa kanisa wa Area D, Dodoma, alikuwa na dawa moja ya maneno asiyotaka kuyasikia: aliyakatiza kwa maombi. Muumini akianza kulalamika kwenye jumuiya, yeye hufumba macho na kutamka, "Tuombe." Nani atabishana na mtu anayezungumza na Mungu? Mlalamikaji hubaki mdomo wazi kama kuku mwenye kiu, na ikifika "Amina", hoja yake imeshakufa na kuzikwa. Kwa ujanja huu watu walimsifu kuwa mwombaji hodari, maana kanisani, kama sokoni, wajinga hawakosekani.

Jumamosi moja mdogo wake Daudi alikuja kutoka Kibakwe pamoja na dada yao mkubwa, Priska. Daudi na Bartolomayo hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya Anitha, mke wa Daudi. Pale kaburini Bartolomayo alipewa nafasi ya neno la faraja, naye akaitumia kuwakemea wanawake wanaopika pombe kama Anitha. Tangu siku hiyo Daudi hakukanyaga kanisani. Sasa alitamani kurudi kwenye meza ya Bwana, na mchungaji wake alimwambia akapatane kwanza na kaka yake.

Bartolomayo aliitazama ile kola iliyofifia ya Daudi na zile kucha za mkulima, akaona ameshamsamehe. Alijipenda sana kwa msamaha huo.

"Shikamoo, kaka. Nimekuja niseme jambo la Anitha."

"Marahaba. Yaliyopita yamepita, mdogo wangu."

"Hayajapita. Siku ile alipokuita kitandani..."

"Tuombe."

"Bartolomayo, mwache amalize!" alifoka Priska.

"Dada, shetani hapendi maombi," alijibu, akafumba macho.

Akaomba. Alimwombea Daudi unyenyekevu, akamwombea masikio ya kusikia, kisha akaombea mvua ya Dodoma nzima, kwa sababu sauti ilikuwa bado ipo. Alipofumbua macho, kiti cha Daudi kilikuwa kitupu.

"Ameondoka ulipofika kwenye unyenyekevu," alisema Priska.

"Hasira zitamwisha, atarudi."

"Hapa harudi. Na kanisani harudi. Utamwambia nini Mungu, kwamba nduguyo ulimfukuza kwa maombi?"

Midomo ya Bartolomayo ikaanza kujipanga kwa lile neno lake la siku zote.

"Thubutu," alisema Priska, amemkodolea macho. "Thubutu uone."

Mzee akatoka na kandambili zake, mbio mbio zisizomfaa mtu wa heshima. Alimkuta Daudi barabarani akingoja bajaji.

"Sema," alimwambia, akihema. "Sitaomba."

Daudi hakumtazama. "Anitha aliacha kupika pombe mwaka mzima kabla ya kuugua. Alikuita umwombee kwa mchungaji, aletewe Chakula cha Bwana pale kitandani. Ulipoingia tu, ukaanza kuiombea pombe imtoke. Ukasema Amina, ukaenda zako. Akaniambia, 'Shemeji hakuniuliza nilichomwitia.' Akafa hajala. Ukaja kumwaibisha tena kaburini."

Bartolomayo alikaa juu ya tofali lililokuwa kando ya barabara. Suruali yake safi ilijaa vumbi.

"Umesikia nini?" aliuliza Daudi.

"Nimesikia kwamba nia yangu ilikuwa njema, ila..."

"Sikusema hivyo. Anza tena."

"Kwamba tulipishana kidogo..."

"Wewe ni mzee wa kanisa kweli, au ni redio? Anza tena!"

Bajaji ikasimama. Dereva akawatazama wote wawili, akasubiri. Bartolomayo alikuwa na maneno mengi kifuani, mazuri, yenye mistari ya Biblia, na hakuna hata moja lililofaa.

"Alikuwa ameacha," alisema mwishowe. "Aliniita. Sikumuuliza."

Daudi alimpungia dereva mkono aende zake, akavuta tofali jingine.

"Bado sijamaliza," alisema.

Kaka yake akanyamaza.