Mchirizi Chini ya Bawa

Mtaani walimwita Bwana Meno, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha zahanati ya meno, chumba chenye dirisha moja, beseni la plasta na taa ya shingo ndefu. Watu waliingia midomo imewabonyea kama mifuko iliyokazwa kamba, wakatoka wakimchekea kila wanayekutana naye barabarani. "Mimi nawatia watu uongo mdomoni," alipenda kusema, "na bado wananishukuru."

Siku za mapumziko meza ile ile iligeuka karakana ya ndege. Kwa miaka ishirini alikuwa akiunda ndege ndogo za kivita kutoka kwenye maboksi ya vipande vya plastiki, kila sentimita moja ikisimama badala ya arobaini na nane za ndege yenyewe. Kugandisha vipande si kazi. Hata mwenye haraka ataweza. Ufundi wake ulikuwa kuzeesha. Ndege ikitoka kwenye rangi iking'aa, kwake ilikuwa bado haijazaliwa. Aliitia masizi nyuma ya bomba la moshi, akaikwangua rangi pale mafundi wanapokanyaga, akaipausha mgongo kwa jua na kuipaka matairi vumbi. Brashi zake zilikuwa zile zile za kazini, kwa sababu na meno ni hivyo hivyo: huwezi kumpa mtu wa miaka sabini meno meupe kama sahani mpya. Lazima umtilie rangi ya chai kidogo, na ufa mwembamba kama unywele.

Mwalimu wake katika uchafu huo alikuwa mpwa wake, mtoto wa pekee wa dada yake mkubwa, rubani wa ndege ya kivita yenye injini moja. Kijana alikuwa akija likizo anazichungulia ndege za mjomba kwenye rafu na kucheka. "Mjomba, hapa hapashiki masizi hivi. Upepo unayavuta chini." Akirudi kambini humtumia picha za ndege yake kwa simu: tairi, tumbo, ubavu, kutu ya misumari. Mjomba hujibu kwa utani, naye hutumiwa nyingine.

Kisha ndege ile ikaanguka kwenye mazoezi, asubuhi isiyo na wingu. Tume ilikaa, ikaandika kurasa nyingi, na zote zikaishia kwenye maneno matatu: kosa la rubani. Eti alichelewa kuinua pua ya ndege.

Aliyeyabeba maneno hayo kuliko wote alikuwa shemeji yake, baba wa marehemu. Huyo alikuwa mwalimu wa udereva kwa miaka thelathini, na kila mwanafunzi wake aliijua kauli yake: gari halikosi, hukosa dereva. Baada ya mazishi hakusubiri watu wanong'one. Aliwatangulia. "Kijana alikosea," aliwaambia majirani langoni, akiwatazama machoni, mpaka wakakosa pa kuangalia.

Mwaka ulipopita na miezi miwili juu yake, dada alikuja zahanati na boksi limefungwa kwenye khanga. Alikuwa ameitafuta mpaka akaipata, ndege ya aina ile ile.

"Niundie," alisema. "Niiweke sebuleni. Picha zake ninazo mbili tu, na zote amesimama mbele, ndege haionekani."

"Mimi ninazo nyingi," Bwana Meno alijibu. "Alikuwa ananitumia."

Akaanza. Majuma matatu ya mwanzo yalikwenda vizuri, kwani mikono ikiwa na kazi moyo hupata pa kujificha. Alitengeneza kiti cha rubani na mikanda yake ya karatasi nyembamba ya madini ya risasi, akaunganisha mabawa, akapuliza rangi ya kijivu mara mbili na kuisugua kwa msasa laini. Ilipofika zamu ya kuzeesha, alizipanga picha za mpwa wake kwa tarehe.

Katika picha ya kwanza, chini ya bawa la kulia, palikuwa na mchirizi mwekundu uliokolea weusi, mrefu kama kidole. Ya pili, siku tisa baadaye, mchirizi ulikuwa mrefu kama mkono. Ya tatu ulifika karibu na mkia, na juu yake palikuwa na alama za nusu duara, moja juu ya nyingine. Bwana Meno alizijua alama hizo. Ni za kitambaa. Mtu alikuwa anafuta.

Chini ya picha ya tatu mpwa wake alikuwa ameandika: "Mjomba, huu utauweza?"

Na yeye alikuwa amejibu: "Mchirizi mzuri sana huo! Nitumie mwingine."

Alikaa na simu mkononi mpaka mteja akagonga dirisha mara tatu.

Juma lile alikuja Mzee Spana, fundi mstaafu wa ndege za jeshi, kurekebishiwa meno ya chini yaliyokuwa yakimchoma ufizi. Alikuwa ameyavua, kidevu kimepanda kikikaribia kukutana na pua. Bwana Meno alimpa simu bila kueleza lolote.

Mzee alitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akairudia ya kwanza. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe kwanja meno yangu," alisema kwa ufizi mtupu. Akayavaa, akayabana sawasawa, ndipo akaongea. "Hayo si masizi. Ni mafuta yanayosukuma mabawa na mkia. Yakiisha, usukani unakuwa mzito kama unavuta nyumba. Unaweza kuvuta kwa mikono miwili na miguu, pua isiinuke."

"Kwa hiyo ndiyo yaliyomuua?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema pua haiinuki."

"Nimesema mafuta yanavuja kwenye picha. Siku ya kuanguka sikuwepo, na wewe hukuwepo. Labda waliziba, labda hawakuziba." Mzee aliweka simu mezani taratibu. "Nilifanya kazi ile miaka ishirini na sita. Ufa ukiwa mdogo vile, kila mtu anasema atauziba kesho."

"Utakuja nami kusema hayo?"

Mzee Spana alisugua shavu. "Ninaishi kwa pensheni yao, ndugu yangu. Usinitie majaribuni."

Bwana Meno alikwenda peke yake. Makao makuu ya jeshi la anga yalikuwa na dirisha la malalamiko, na nyuma ya dirisha ofisa wa kike, kijana, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Hakuwa mkorofi; laiti angekuwa, ingekuwa rahisi zaidi.

"Pole sana, mzee wangu," alisema. "Lakini faili hilo limefungwa."

"Si lifunguliwe?"

"Hufunguliwa ukipatikana ushahidi mpya."

"Ndio huu."

Alizitazama picha kwa makini, moja baada ya nyingine. "Hii ni picha ya uchafu, mzee. Ndege zote huchafuka."

"Basi waende wakaitazame ndege yenyewe. Mabaki yake."

"Yalishauzwa kama chuma chakavu. Yameyeyushwa." Akaegemea dirishani na kushusha sauti. "Halafu kuna jambo jingine. Ndani ya kambi hairuhusiwi kupiga picha. Ukizileta rasmi, faili litakalofunguliwa ni la marehemu kuvunja amri. Ndilo unalolitaka?"

Akaisukuma simu kwa vidole viwili. "Mimi sikuziona. Nenda nyumbani, mzee wangu."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akamkuta anapiga pasi mashati ya mumewe. Mwalimu alikuwa kazini. Bwana Meno alijikohoza, akavuta kiti, akasogeza glasi isiyokuwa na sababu ya kusogezwa, kisha akasema yote kwa mkupuo: mchirizi, kitambaa, Mzee Spana, dirisha la malalamiko. Hata jibu lake la utani hakulificha.

Dada alisimamisha pasi kwenye kisigino chake. Hakuonekana kushtuka, na hilo ndilo lililomtia ndugu yake baridi.

"Aliniambia," alisema.

"Nani?"

"Mwanangu. Majuma mawili kabla. Alipiga simu, akasema, mama, ndege yangu inavuja. Nimeandika kwenye kitabu cha hitilafu mara mbili, wanachofanya ni kufuta tu. Nafikiri nikatae kuruka." Alilikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, baba, usigombane na wakubwa. Mwezi ujao unapandishwa cheo. Vumilia. Basi akavumilia."

Bwana Meno aliuchungulia mlango wa mbele.

"Mwalimu anajua?"

"Akijua, nitakuwa nimewazika wawili. Usimwambie, mdogo wangu. Nimekushika miguu."

"Sasa ile ndege niifanyeje? Niifute?"

"Ifanye ilivyokuwa," alisema dada. "Na uchafu wake wote. Nataka niione kila ninapopita."

Basi akaufanya. Alichanganya rangi ya mafuta, nyekundu kidogo, hudhurungi kidogo na nyeusi ya kuibia tu, akaizimua kwa tina. Aliweka nukta moja chini ya bawa kwa brashi ya nywele tatu, halafu akaivuta nyuma kwa brashi bapa yenye unyevu, kufuata njia ya upepo. Mara ya kwanza ukatoka mzito, akaufuta. Mara ya pili ukapinda. Mara ya tano ukakaa. Akachukua kipande cha kitambaa akakizungusha kwenye ncha ya kibano, akapitisha zile nusu duara moja moja, na kila alipopitisha alijua mkono wake unarudia mkono wa mtu asiyemjua, mtu ambaye asubuhi fulani alifuta, akakunja kitambaa na kwenda kunywa chai. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile, wala hakuwahi kuikinai kazi namna ile.

Jumamosi aliipeleka. Alitegemea kumkuta dada peke yake, lakini mwanafunzi wa asubuhi alikuwa ameahirisha, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

"Karibu, shemeji. Hiyo ndiyo yenyewe?"

Aliipokea kwa mikono yote miwili na kuibeba mpaka dirishani. Alitazama juu, akatazama pembeni, na kwa mazoea ya mtu asiyepanda gari bila kuchungulia chini yake, akaigeuza tumbo juu.

"Mbona umeichafua hapa?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Nani kasema?"

Bwana Meno angeweza kusema ni urembo tu wa mafundi. Lakini alimwona mwenzake yule, shingo imeingia mabegani kwa mwaka na miezi, akatoa simu.

Mwalimu alitazama picha zote tatu. Alikuwa mtu wa magari. Mafuta yanayovuja hahitaji kuelezwa. Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi nyingi kupita kiasi.

"Jeshini wanasemaje?"

"Wanasema ni uchafu."

"Na fundi?"

"Anasema inawezekana. Hawezi kuapa."

"Inawezekana." Mwalimu alilitamka neno hilo kana kwamba analipima uzito. "Shemeji, mimi nimeshamhukumu mwanangu. Nimemhukumu mbele za watu, kwa mdomo wangu. Usinipe nusu. Kama unacho kitu kizima, nipe. Alimwambia mtu yeyote?"

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Dada alikuwa amesimama pale na sinia ya vikombe vitatu. Macho yake hayakuwa kwa mumewe, yalikuwa kwa ndugu yake.

Na Bwana Meno akaona kwamba jibu liko mle sebuleni, lote, zima, limegawanyika kati ya watu wawili. Kwake kulikuwa na swali la kijana alilolijibu kwa utani. Kwa dada kulikuwa na neno vumilia. Akilitoa lake bila la dada, ni nusu ile ile. Akilitoa la dada, anaibomoa nyumba.

"Alimwambia mtu?" Mwalimu aliuliza tena.

"Sijui, shemeji."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetarajia. "Angesema. Yule mtoto alikuwa hafichi jambo. Ndege ingekuwa mbovu kweli, angemwambia mama yake." Akageuka. "Au siyo, mama?"

Vikombe viligongana kidogo kwenye sinia. Dada alifungua mdomo, na Bwana Meno akaomba aseme, na akaomba asiseme, vyote kwa pumzi moja.

"Chai," alisema dada. "Itapoa."

Mwalimu aliiweka ndege juu ya kabati, akaisogeza isije ikaanguka, kisha akatazama saa. Mwanafunzi wa pili, wa siku ya kwanza, alikuwa tayari getini ndani ya gari la mafunzo, anapiga honi kwa woga. Alichukua funguo. Mlangoni alisimama, akamshika shemeji yake bega.

"Nashukuru kwa kazi. Imefanana," alisema. "Lakini jambo lile tusilirudie tena. Mtu akikosa, amekosa."

Akatoka. Ndugu wawili walibaki wamesimama na chai kati yao, wakisikiliza gari likiwashwa, likizimika, likiwashwa tena, na sauti ya Mwalimu, ya upole kabisa, ikimwambia mtu asiyemjua asiogope.