Mwenye Kupiga Simu Kutoka Izki

Mwaka wa 1999, pale Ibra, Omani, Mahrous na mkewe Turkiya walikuwa na kilabu cha blugrasi, ule muziki wa kasi wa banjo, fidla na gitaa ambao Mahrous aliupenda alipokuwa masomoni Marekani. Wapigaji walikuwa wachache. Wasikilizaji walikuwa Waswahili wa Ibra, Sur na Nizwa, waliorudi kutoka Unguja, Burundi na Kongo, na kila Alkhamisi walijaa majlisini, chumba cha wageni, kwa Mahrous.

Habari zilikuwa kazi ya Turkiya. Kila wiki aliandika ukurasa mmoja: nani atapiga, nani kajifungua, gari la nani lina nafasi. Akatoa fotokopi, akaziacha madukani, na nyingine akazipeleka miji ya mbali kwa faksi.

Siku moja simu ikalia.

"Mwanangu, ndiye wewe unayeandika karatasi ya muziki?" Ilikuwa sauti ya bibi, Kiswahili chake cha mjini Unguja.

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo banjo yenu ina nyuzi ngapi?"

"Tano."

"Tano? Yetu ilikuwa na nne." Akakata simu.

Wiki iliyofuata alipiga tena. Huo uzi wa tano una kazi gani? Turkiya hakujua, akamuuliza mumewe, na jibu akaliandika kwenye karatasi: uzi wa tano ni mfupi, huvuma sauti ile ile wimbo mzima. Wasomaji nao wakaanza kudadisi. Nani anauliza? Ana banjo? Dukani mtu alimsimamisha Turkiya akamwambia lazima ni mke wa mpiga taarabu. Turkiya hakuweza kulala bila kulifikiria jambo hilo.

Bibi alipopiga mara ya tatu, Turkiya alimkaribisha Ibra.

"Miguu hainichukui. Niko Izki."

"Basi tutakuja sisi."

"Njooni. Lakini usiandike."

Hapo Turkiya alipata tabu. Kazi yake ilikuwa kuwapa watu habari, na safari hii alikuwa na habari ambayo kila mmoja aliisubiri. Lakini bibi kamwomba. Safari ikapangwa Alkhamisi, naye akaandika tu kwamba wiki hii hakuna mkutano, na lawama zikamjia kutoka Sur mpaka Nizwa.

Mlango wa nyumba ya Izki ulifunguliwa na Sheha, binti wa yule bibi, mwanamke wa makamo anayefanya kazi serikalini. Alipoiona banjo alishangaa.

"Mama, umewaita wapiga muziki? Wewe?"

Yule bibi wa simu, Bi Khole, alikuwa ameketi kwenye godoro, kanga imemkaa vizuri. Alinyoosha mikono, akapewa banjo, akaigonga ngozi yake kwa kidole.

"Mwanangu Mahrous, toa huo uzi wa kelele."

Mahrous akautoa, akazipanga nne zilizobaki kama alivyoelekezwa. Bi Khole akajaribu, akakosea, akasonya. Akarudia. Mara wimbo wa harusi ukatoka, polepole, vidole vizito lakini haviulizi njia.

Sheha alikaa chini pale pale mlangoni. "Nani kakufundisha?"

"Kaka yangu. Mimi nikijifunza nyuma ya pazia. Nilipoolewa, baba yako akasema muziki basi. Basi ikawa basi."

"Na hukutwambia miaka yote hii?"

"Mlikuwa hamjauliza."

Mahrous naye akampigia wimbo wa Kimarekani. Bi Khole alisikiliza huku amekunja uso. "Mzuri. Lakini mnakimbizwa na nani?"

Walipoaga, Turkiya alimuuliza kama bado hataki aandikwe. Bi Khole akamtazama bintiye, ambaye alikuwa hajaondoka mlangoni.

"Mwenye kunihusu keshajua. Andika. Andika jina kamili, Khole binti Suud."

Mwezi huo magari yalijipanga nje ya nyumba ile ya Izki mpaka jirani akatoka kuuliza nani kafa. Bi Khole alipiga nyimbo mbili, akachoka, akawaelekeza watu kwenye haluwa na kahawa. Sheha akaichukua banjo, akaipakata kama mtoto mchanga, akaukwaruza uzi mmoja. Ilitoka sauti ya mbuzi. Mama yake akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwambia asogee karibu.