Pilates ya Machibya Kabla ya Mchakamchaka

Ifahamike kwa wote kwamba sayansi ya mwili, mazoezi yaitwayo Pilates, imewasili Nsemulwa. Ililetwa shuleni na mwanafunzi Machibya, aliyeisoma likizoni kwenye simu ya binamu yake, nusu ukurasa, kabla chaji haijaisha.

Alimshawishi Mwalimu Dina kwamba kabla ya mchakamchaka wa asubuhi wanafunzi walale chali kwenye mikeka, wakaze tumbo, wainue miguu, kisha wafumbe macho na kusikiliza pumzi. Mwalimu alikubali, ila akaonya kwamba atakayelitumia zoezi hilo kukwepa mbio asahau safari ya timu ya riadha ya shule kwenda Sumbawanga. Machibya, ambaye hajawahi kutoka nje ya Katavi, aliapa kwamba hatakwepa.

Kesho yake bwalo lilitulia tuli. “Sikilizeni miili yenu,” aliamuru, naye akalala ili awe mfano.

Wakasikiliza. Katika ukimya ule wote waliusikia mwili wa Machibya ukikoroma.

“Kocha, amka!” Baadaye mwenzake aitwaye Sikujua alimtikisa. “Wenzio tumekimbia hadi njia ya Kasokola na kurudi. Miguu imekuwa myepesi kweli!”

Mwalimu Dina alikuwa amesimama pembeni ya mkeka. “Na wewe, baba, ulikuwa unasikiliza nini?”

Machibya akaketi. “Usingizi, Mwalimu. Tangu mwanzo nilitaka huo tu. Futa jina langu kwenye orodha ya safari.”