Mwajabu Hagusi Chakula cha Watu

Kwetu Mbwera mtu akikusaidia kazi, unampikia. Akija kukulimia, unampikia. Akija kukuezekea nyumba, unampikia. Akikataa kula, basi huyo hakuja kukusaidia, amekuja kwa jambo lake, nawe funga mlango vizuri. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi sioni sababu ya kubadilika uzeeni huu.

Sasa, wakati wa vita vya Hitla, alikuwapo mjane mmoja, Mwajabu, aliyeachiwa mtumbwi na marehemu mumewe. Kila mgonjwa wa kisiwa chetu alimvusha yeye, mpaka ng'ambo kwenye dawa ya serikali. Hakutumwa na jumbe wala na Mzungu. Anakuja mwenyewe, mvua inanyesha, viganja vimechubuka kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Ukimpa samaki: "Ahsante, wape watoto." Ukimpa wali: "Nimeshiba." Ameshiba! Na mwenyewe mwembamba kama pondo lake.

Tukaanza kunong'ona. Mrisho, aliyewahi kufika Dar es Salaam mara moja akarudi anajua kila kitu, akasema huko mjini wapo mumiani, watu wanaonyonya wenzao damu ikatengenezwe dawa.

"Jiulizeni," akasema, "ile dawa ya ng'ambo mbona nyekundu?"

Tukajiuliza. Kweli ilikuwa nyekundu. Waliovushwa walirudi wamepona, lakini wamekonda, na hilo nalo tuliliangalia. Mimi nilikuwa namkagua Mwajabu meno kila akicheka. Hakuwa mtu wa kucheka, kwa hiyo kazi ilinichukua muda.

Ndipo wifi yangu Semeni akashikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Mkunga wetu, Kijakazi, alihangaika tangu alfajiri. Jua lilipopanda akatoka nje anajifuta jasho. "Hii imeshinda mikono yangu. Mpelekeni ng'ambo kabla maji hayajatoka." Maji yakitoka, kijito chetu hubaki tope tupu, na Semeni asingeweza kungoja yajae tena. Wanaume walikuwa wanakata boriti mikokoni, mitumbwi yote wamekwenda nayo. Uliobaki ni mmoja tu, na mwenyewe alikuwa ameshasimama ufukoni na pondo mkononi.

Mama mkwe wangu Mwanamkuu, mama yake Semeni, akamkazia macho.

"Nani amekuita?"

"Nimesikia kilio, dada."

"Umesikia au umenusa?"

Mwanamkuu akanigeukia: "Lete wali." Nikaleta bakuli la wali wa nazi na kamba. "Kula hapa, nikuone unameza. Ukila, mwanangu anapanda. Usipokula, rudi kwako."

Mwajabu aliliangalia lile bakuli kama mtu aliyewekewa makaa ya moto.

"Dada Mwanamkuu, nina nadhiri. Mwanangu Miraji amechukuliwa na keya, jeshi la Mzungu, yuko vitani huko Bama. Nimemwahidi Mungu nitavusha wagonjwa bila kula cha mtu mpaka arudi mzima. Nikila, nimemtupa mwanangu."

"Nadhiri hiyo imezaliwa leo? Mbona hatujaisikia?"

"Nadhiri mtu haendi kuitangaza gengeni."

Mnataka kujua kama nilimsadiki? Hata kidogo. Mtu aliyebanwa husema lolote, hata mimi husema.

"Nyie!" Kijakazi akapiga kelele. "Maji yanatoka!" Mizizi ya mikoko ilikuwa imeanza kuonekana. Semeni alikuwa halii tena, anaguna tu, na huko kuguna kulinitisha kuliko kilio.

Mwajabu akalaza pondo mtumbwini. Akanawa kwa maji ya chumvi, akakata tonge, akatia kinywani. Alitafuna taratibu, machozi yanamshuka, hayafuti. Tonge la pili. Kisha akafungua mdomo mbele ya Mwanamkuu, kama mtoto anayemwonyesha mama kwamba amekwisha meza.

"Nimemeza. Mpandishe mwanao, wangu mimi nimeshamwacha kwa Mungu."

Tukampandisha. Mwajabu alisukuma, mimi nikafua maji yaliyoingia mtumbwini, na tope lilikuwa linatukwaruza chini tulipoipita ile kona ya mwisho. Ng'ambo Semeni akajifungua mtoto wa kike. Wote wawili hai, na dawa nyekundu wakanywa.

Baadaye mwalimu wa chuo cha Kurani, Shaban, akasema nadhiri iliyovunjwa ina kafara: alishe masikini kumi. Mwajabu hana mchele. Mwanamkuu akabeba gunia kichwani mwake mwenyewe, akalitua mlangoni kwa Mwajabu, akaondoka. Kuomba radhi hakuwahi kujifunza. Na siku ya kulisha, kisiwa kizima kilikuwa masikini! Hata Mrisho, mwenye nyavu tatu, alikuja na shati lililochanika. Alikula huku ananiuliza chinichini kama wali una ladha ya kawaida. Nikamwambia naona una wekundu kidogo. Akaacha. Fungu lake nikala mimi.

Vita vilikwisha, habari za Miraji hakuna. Mama yake akaendelea kuvusha watu. Halafu siku moja, wakati wa mavuno, kijana akashuka na viatu vya jeshi, vidole viwili vya mkono hana. Akamtafuta mama yake, akaambiwa yuko majini na mgonjwa wa watu. Akakaa ufukoni pamoja nasi kumngoja, uso umekunjamana.

"Miaka yote hii anawavusha," akasema. "Na ninyi mnampa nini?"

Tukamwangalia Mwanamkuu. Mwanamkuu akaangalia maji.

"Anakula, baba," akasema. "Siku hizi anakula."